Mtoto wa Kofia ya Njano

Mimi Kijapani nilikisoma kwa machozi. Sikuvalishwa wavu kichwani wala sikulazwa kwenye Kiti. Nilijifungia chumbani kwetu Chumbageni na kamusi iliyochanika jalada, nikakariri kwa sauti mpaka majirani wakamwambia mama yangu mtoto kaingiwa na jini. Kwa hiyo mtu asije kunieleza kwamba lugha inaweza kuingia kichwani kama maji ya dripu. Lugha inaingia kwa tabu, na ikiingia inakukuta mwenyewe upo nyumbani. Kiti chao kinaingiza lugha kisha kinaanza kumhamisha mwenye nyumba.

Na bado ninafundisha pale pale, msinicheke. Ghorofa ya pili, hapa hapa Tanga, kwenye chuo kinachopeleka wanawake wetu Japani kwenda kuongea na wazee. Ndiyo, kuongea tu. Kuosha, kunyanyua na kulisha kunafanywa na mashine, tena kwa upole kuliko wakwe wengi ninaowajua. Kilichozishinda mashine ni soga. Mzee akitaja fataki, anataka mwenzake ambaye naye fataki zimempitia machoni. Mashine inajibu vizuri sana, lakini wazee wanaigundua, wanageukia ukuta na chakula hawali. Basi ndiyo wakaona waagize watu.

Siku hiyo nilikuwa nafundisha "to ieba".

"Haya ni maneno ya kufungulia mazungumzo," niliwaambia. "Mtu kataja kitu, wewe unakidaka, unasema kile kinachokujia kwanza. Hebu tuanze na kwetu. Muheza to ieba?"

"Machungwa!" darasa zima likapaza sauti.

"Haya. Ukitaja Muheza, machungwa. Ijumaa to ieba?"

"Pilau!"

"Weee, pilau ya nini, Ijumaa ni biriani!"

Wakazozana, nikawaacha wazozane, kwa sababu huko ndiko kujifunza. Kisha nikawapeleka kwa wenyewe. "Natsu to ieba? Ukitaja majira yao ya joto, kinakujia nini?"

"Jasho, Mwalimu," akasema mmoja nyuma, tukacheka sote.

Rukia Semboja hakucheka. Alikuwa mwanafunzi wangu bora, mshonaji wa Pongwe, mwanamke wa miaka thelathini na kitu ambaye mumewe alienda Handeni akaoa huko na hakurudi. Wengine wote darasani walikuwa wasichana ambao hawajazaa bado. Yeye alikuwa na binti, Raya, anayekaa na bibi yake, na ni kwa ajili ya Raya alikuwa anakwenda. Kabla hajaanza kukaa kwenye Kiti, ungemuuliza bei ya nyanya angekujibu habari za Raya.

"Natsu to ieba, furin desu," alisema. Furin ni kengele ndogo ya kioo, inaning'inizwa dirishani, upepo ukipita inalia. Aliposema aliinua uso kidogo, kama aliyeisikia. Nikaona wivu. Jibu lake lilikuwa zuri kuliko langu, na mimi nina miaka ishirini kwenye lugha hii.

"Vizuri. Kodomo to ieba?" Kodomo ni mtoto. Nilimuuliza makusudi, nikijua atatupigia hadithi ya Raya kwa Kijapani, tuchoke kwa raha.

"Kodomo to ieba," alisema taratibu, "kiiroi boshi desu ne." Ukitaja mtoto, ni ile kofia ya njano.

Niliwaeleza wengine kwamba kule watoto wanaoanza shule huvishwa kofia za njano ili madereva wawaone. Huku naeleza, namtazama Rukia. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. Sasa nani analilia kitu cha kukariri?

"Na Raya je?" nikamuuliza kwa Kiswahili.

"Raya hajambo, Mwalimu," akanijibu. Ungedhani nimemuuliza habari za mtoto wa jirani.

*

Ijumaa ni siku ya wageni. Bibi yake Raya alifika baada ya sala, kajitanda kanga mpya, kamshika mjukuu mkono. Raya alikuwa na miaka sita, kasukwa nywele zikabana mpaka macho yamevutika. Alipomwona mama yake mwisho wa ukumbi alichomoka mbio.

Rukia akainama, akampokea. Akampapasa mgongo. "Hujambo, mwanangu. Umekua." Akamwachia.

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni nasahihisha madaftari, nikaacha kusahihisha. Mtoto alibaki amesimama, mikono bado iko wazi. Kisha akaanza kueleza: kang'oka jino, paka kazaa chini ya kitanda, bibi kakataa wasifugwe wote. Rukia aliitikia kila jambo. "Ehee. Vizuri. Pole sana." Alikuwa mpole, anatabasamu, anasikiliza. Lakini kila mara macho yake yalipita juu ya kichwa cha mtoto yakaenda mlangoni, kama kwamba amekuja mmoja na mwingine yuko nyuma anavua viatu.

Bibi mtu alijifanya haoni. Alizungumzia mvua, akazungumzia mahindi, akazungumzia harusi ya fulani, sauti inazidi kupanda kila neno. Muda wa kuondoka ulipofika, Rukia aliwashukuru kwa kuja. Aliwashukuru! Mama yake mzazi na mtoto wake wa kumzaa!

Niliwasindikiza mpaka ngazini. Raya alisimama kwenye ngazi ya pili akanivuta gauni.

"Mwalimu, nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu, mama."

"Sasa mbona amenuna kwa adabu?"

Bibi yake akamwambia nyamaza, akashuka naye haraka. Nilirudi juu damu inanichemka, nikaenda moja kwa moja kwenye chumba cha Kiti.

*

Fundi wa Kiti ni Athumani Mntambo, mtu wa Pangani, rika langu, mstaarabu kupita kiasi. Ni mtu ambaye akikukuta unakula atageuka arudi alikotoka. Nilimwambia nataka kukaa pale akimhudumia Rukia kesho yake, nione kwa macho yangu. Akasema, "Karibu sana, Mwalimu," kisha akanifutia kiti kwa leso yake.

Kesho yake nikakaa. Rukia akalala, akavalishwa wavu. Mntambo akawa ananieleza kwa sauti ya chini kinachoendelea, kwa sababu mimi miaka yote hiyo nilikuwa nimesusa hata kuuliza.

Kila neno, alisema, lina kitu kinachopanda nalo. Ukisikia "mvua", kabla hujafikiri, kuna kitu kishapanda: labda sauti ya bati, labda mama yako anaanua nguo. Wavu unaona kinachopanda. Kikiwa cha huku, Kiti kinakishusha kidogo, na juu yake kinaweka cha kule, kilichotolewa kwa mtu wa kule aliyekubali kuchukuliwa kumbukumbu zake kabla hajafa. Kila mwanafunzi ana mtoaji wake mmoja. Wa Rukia alikuwa bibi mmoja wa mji wa milimani, marehemu sasa.

"Hakifuti, Mwalimu," alinihakikishia. "Kinashusha tu. Kama sufuria uliyoitoa kabatini ukaiweka uvunguni. Imo ndani."

"Na watu wao je? Watoto wao?"

"Hao wanafungiwa. Kabla ya kuanza kila mtu anataja majina yasiyoguswa. Mama huyu alifungia 'Raya' kabla hata hajavua viatu. Kiti kikisikia Raya, kinasimama."

Akaanza. "Ame," kikasema Kiti. Mvua. Kope za Rukia zikacheza. Neno likafuata neno. Baada ya muda akaanza kuzama usingizini, na Mntambo akainama sikioni mwake, akamwita kwa upole kabisa:

"Mama Raya. Mama Raya, upo nasi?"

Rukia akazinduka kidogo. Taa ndogo ya kijani kwenye mashine ikawaka, ikazimika.

Maneno mengine. Akazama tena. "Mama Raya, usilale, mama." Taa ikawaka.

"Mntambo," nikasema, "hiyo taa ya nini?"

"Kuna kitu kimeshushwa."

"Umetaja neno gani hapo? Kiti kilikuwa kimya."

Akanitazama. Akaitazama taa.

Mwongozo unasema mwanafunzi akizama aitwe kwa jina aliloandikishwa, kwa sababu hilo ndilo neno pekee lenye kuhusu mtu mwenyewe ambalo mashine imefundishwa kuliruka. Aitwe "Rukia Semboja". Walioutengeneza mwongozo wanatoka kwenye nchi ambako mwanamke anaitwa jina lake mpaka anazikwa nalo. Kwetu nani atamwita mwanamke aliyezaa jina lake kavu, tena akiwa amelala, tena mwanamume asiye ndugu yake? Ni utovu wa adabu. Mntambo asingeweza hata kwa kuchapwa. Basi kila alipozama alimwita Mama Raya, na kila alipoitwa, yule binti alipanda kifuani kwake, kwa sababu mama akiitwa kwa mwanawe ni mwanawe anayepanda. Kiti hakikusikia "Raya" peke yake, kilisikia "Mama Raya", jina jingine lisilofungiwa. Kikaona kitu cha huku kinapanda, tena kwa nguvu kuliko vyote. Kikakishusha. Kisha kikatafuta kwa yule bibi wa milimani ni nini hupanda mama anapoitwa. Kikamkuta mtoto wa kiume mwenye kofia ya njano.

"Miezi yote hii," Mntambo alisema. Alikaa sakafuni. "Mwalimu, nilikuwa namheshimu tu."

"Najua."

"Wallahi nilikuwa namheshimu."

Ningeweza kumtukana, na mdomo ninao. Lakini nitamtukana nini? Kumwita mama wa watu kwa heshima?

Inawezekana kurudisha, alisema aliporudiwa na sauti. Kabla mtu hajasafiri, kila kilichopandishwa kinaweza kushushwa na kila kilichoshushwa kikapandishwa. Lakini vyote kwa pamoja, hakuna kuchagua. Kijapani chote kitaondoka, na safari itaondoka nacho. Na yule mtoto wa kofia. Kisha ni lazima mwanafunzi akubali mwenyewe. Kama hakubali, kuna njia moja tu: mwalimu aandike kwamba akili ya mwanafunzi haikutulia, hafai. Hapo hakuna anayemuuliza.

*

Nilimwita Rukia darasani wenzake wakiwa wanakula. Nikamweleza kila kitu bila kuzungusha. Alinisikiliza mikono ikiwa mapajani.

"Nilihisi kuna kitu," alisema. "Juzi Raya alipokuja, nilijua natakiwa niwe na furaha. Niliitafuta, Mwalimu. Haki ya Mungu niliitafuta."

"Basi tukurudishe. Wiki hii hii."

Akageukia mlango.

"Rukia!"

"Anaitwa Kenji," alisema. "Ana baka hapa, chini ya sikio. Anaogopa radi lakini anasema haogopi. Akitoka shule anapitia kwenye daraja dogo, anatupa kokoto majini, ndiyo maana anachelewa. Mimi nasimama mlangoni. Naiona kofia kwanza, halafu ndiyo namwona yeye."

"Huyo si wako."

"Nikimkumbuka maziwa yananisisimka kifuani. Sasa wewe niambie ni wa nani."

"Ni wa marehemu. Na huyo mtoto unayemsema ameshakuwa mzee mwenye wajukuu, kama yu hai. Wewe hukumzaa!"

"Mzee ndiye yupo," alisema. "Yule mtoto hayupo popote duniani ila kwangu. Mama yake aliyekuwa anamkumbuka amekufa. Ukinilaza pale mkanishusha, nani atakuwa anamsubiri?"

Nikaanza kupanga madaftari yaliyokwisha pangwa. Mimi, Sauda, niliyesutana na wanawake wa nusu ya mji huu!

"Raya nitamlea," akaendelea. "Nitafanya kazi, atasoma, hatakosa kitu. Namjua kwamba ni wangu. Sina ubaya naye. Ila mnaniambia niue mtoto mmoja ili nimpende mwingine. Na mnaniambia mkiwa mmekaa, kama mnaagiza chai."

"Raya ameniuliza amekosa nini."

Hapo alifunika uso. Nilidhani nimempata. Alipoondoa mikono, macho yalikuwa makavu.

"Unaona?" alisema. "Hata hilo halinichomi. Najua lingenichoma. Siku likinichoma itakuwa kwa sababu Kenji hayupo. Sikubali, Mwalimu. Nimesema sikubali, na wewe umenisikia."

Akainuka akaenda kula.

Nilibaki nimekaa darasani. Nataka nieleweke: sikuwa na hasira naye. Nilimwamini kila neno. Mimi sina wa kunipa jina, naitwa Mwalimu mpaka sokoni, na kwa hiyo sikuwa na haki ya kumfundisha mwanamke habari za uzazi. Alikuwa na akili timamu kuliko mimi. Alikuwa amesema sikubali, wazi, kwa lugha ninayoielewa, na kwenye kile chumba hakukuwa na mtu mwingine wa kumtetea huyo mtoto wa kwenye daraja. Wa kumtetea Raya walikuwepo. Raya alikuwa na bibi, alikuwa na mimi, alikuwa na miguu ya kumkimbilia mama yake.

Lakini Raya alikuwa hai. Atakuja tena Ijumaa, na ile ya kufuata, anaeleza habari za paka, anapewa pole na asante, mpaka siku moja aache kueleza. Niliona jinsi atakavyoacha. Watoto wanaacha ghafla.

Nikaandika kwamba akili yake haikutulia. Uongo mtupu, nikatia sahihi.

Walimlaza Jumatatu. Alipigana. Mntambo aliondoka chumbani, akasema afadhali wamfukuze kazi, ikabidi waje watu wawili kutoka ofisi ya Dar. Mimi nilikaa, kwa sababu niliona ni dhambi kumfanyia mtu vile kisha uende nje. Wakati wavu unakazwa aliita jina, si la Raya. Aliliita kwa ile sauti ya mama anayeita mtoto aingie ndani, giza linaingia. Kisha akanyamaza.

*

Nilikwenda Pongwe kumwona baada ya mwezi. Kusema kweli nilijilazimisha. Nilimkuta barazani na cherehani, Raya kamkalia miguuni anaokota vipande vya vitambaa, na kila baada ya mshono mmoja Rukia anashusha mkono anamgusa kichwa, bila kutazama. Wanaongea wote wawili kwa pamoja, hakuna anayemsikiliza mwenzake. Bibi mtu aliponiona alipiga vigelegele. Alinishika mikono yote miwili akaniombea dua ndefu, kwamba nimemrudishia mwanawe, kwamba Mungu anilipe. Nikaitikia amina. Nifanyeje?

Rukia alinikaribisha chai. Kijapani hakikubaki hata salamu. Alinichekea kwa aibu, akasema inasemekana aliugua kichwa kule chuoni, hakumbuki vizuri, na anashukuru nilimstahi. Mwili ulikuwa umempungua. Bibi mtu akaniambia pembeni kwamba mchana hana neno, anakula, anashona, anacheka. Ila alasiri, wakati watoto wa shule wanapita barabarani, anaacha kushona anakwenda kusimama mlangoni. Raya yuko ndani, kesharudi, anamwambia, "Mama, mimi niko huku." Naye anasema, "Najua, mwanangu," na anaendelea kusimama.

Nilikuwa bado pale saa hiyo ilipofika. Watoto walipita, sare zao, vumbi, kelele. Rukia alikwenda mlangoni. Nami nikainuka nikasimama naye, maana ningebakije nimekaa? Walipita wote, barabara ikabaki tupu.

"Mwalimu," akasema bila kugeuka, "wewe ulikuwa na mimi kule. Kuna mtu yeyote niliyemwahidi kwamba nitamsubiri?"

Ndani Raya alikuwa anaimba akihesabu vitambaa vyake. Nilimtazama Rukia, nikaona atakubali jibu lolote nitakalompa, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wake.

"Hakuna," nikamwambia. "Hakuna mtu, Mama Raya."

Akaitikia kwa kichwa. Akaendelea kutazama barabara.